Mashua ya Kupigiwa Hodi

Mwanamume akikaa nyumbani kwa mkwewe, hata kukohoa hukohoa kwa adabu. Nilikaa hivyo Chumbageni baada ya kuoa, nyumbani kwa shangazi yake mke wangu, mwanamke aliyemlea tangu hajaota meno. Desturi ya pwani ndiyo hiyo: bwana harusi huingia kwao mwanamke, na wengine wakishaingia hawatoki tena. Nilipewa chumba kizuri chenye dirisha la uani. Sikukosa chakula, sikukosa heshima. Lakini kila asubuhi nikitoka kwenda bandarini nilimkuta shangazi barazani na ukili wake, anasuka mkeka, ananitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mihogo. Hamfukuzi. Anangoja tu aone atakula nini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo mnapakia nini?"

"Katani, mama."

"Katani tena! Hao Wazungu wanaila?"

Wakati huo, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, mimi nilikuwa kuli wa tishari. Meli zilisimama mbali na gati, sisi tukazifuata na tishari zilizosheheni marobota ya katani. Nilizaliwa Kigombe. Chuoni nilisoma msahafu nikahitimu, lakini skuli nilikaa muda wa kutosha kujua jina langu linavyoandikwa, basi. Huku kuandika ninakoandika sasa nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa magunia. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema ili msomaji ajue kwamba ninachokijua nimekitoa kwa mkono wangu.

Nilikuwa na akiba. Rafiki zangu wa Makorora waliniambia, nunua kiwanja, jenga vyumba viwili, pangisha kimoja. Nikajiuliza: halafu kesho yake niamke niende wapi? Kwenye marobota yale yale. Mimi nilitaka nyumba iliyo kazi na kazi iliyo nyumba. Nilitaka mashua. Niitie nazi za Pangani niipeleke Mombasa, nitoke Mombasa na bidhaa nishuke Pemba, nikiona Pemba hapana biashara niende Lamu, nikichoka nitie nanga mahali, nilale kwangu.

Wala sikutaka kuwa kama manahodha niliowajua, mke Tanga, mke Mkokotoni, na watoto wasiomjua baba yao ila kwa sauti. Nilimwambia mke wangu: tutakwenda wote, tutakaa humo wote. Wanawake kusafiri chomboni si ajabu, walikuwa wakisafiri, wanakaa nyuma wamejitanda buibui wanatapika mpaka Unguja. Lakini kuishi humo, kupika, kulala, kufua, hilo watu walilicheka. Mke wangu hakucheka. Alifikiri, akasema, "Mimi nitakwenda. Lakini sitoki hapa bila radhi ya shangazi. Mwombe."

Nikaenda barazani kuomba. Shangazi hakuuacha ukili.

"Unataka kumpeleka mwanangu akaishi baharini."

"Chomboni, mama."

"Chombo kiko wapi, mlimani?"

Akachomeka jani jipya kwenye ukili.

"Nisikilize, baba. Nyumba ina mlango, una kizingiti. Nyumba ina choo mtu aingie asionekane. Nyumba imekaa kitako, haiinamii huku wala kule. Na akizaa? Kitovu cha mtoto utakizika wapi, utamtupia papa? Mtu huuliza, kwenu wapi? Atasema kwetu ni pale maji yanapopita?"

"Hayo yote nitayapata."

Hapo ndipo alipocheka, na akaniambia neno ambalo yeye alidhani limelifunga jambo. "Haya. Siku nitakayosimama mlangoni kwenu nikapiga hodi, siku hiyo mchukue, na radhi yangu juu."

Kwa asiyejua mambo yetu, niseme hivi. Chomboni hapapigwi hodi. Mtu akitaka kuingia chombo hupiga ukelele kutoka pwani, "Enyi watu wa chomboni!" au hupanda tu kama anayepanda gari la ng'ombe. Hodi ni ya nyumba. Kwa hiyo alikuwa amesema kamwe. Mimi sikusikia kamwe. Nilisikia sharti, na sharti hutimizwa.

Nikaanza kutafuta.

Kutafuta chombo kilichokwisha kutumika ni kazi ya kutoamini. Mtu anayekisifu sana chombo chake, muulize mbona anakiuza. Wakati ule vyombo vya kuuzwa havikukosekana, maana malori yalikuwa yameanza kuwala wenye mashua, na vijana wa wenyewe walikuwa wakikimbilia mashamba ya mkonge. Kila Ijumaa nikishaswali nilikwenda kutazama. Nilitazama mashua ya kuvulia iliyonuka papa hata mende wake walinuka papa. Nilitazama jahazi moja kubwa, zuri, lakini foromali yake, ule mti wa kubebea tanga, ilihitaji wanaume sita kuipandisha, na mimi nilikuwa na mimi na mke na binamu yangu mmoja aliyekubali kuwa baharia wangu. Chombo cha kukaa si chombo cha kujionyesha. Kama hamuwezi kukiendesha na mmoja wenu ana homa, hicho si chenu, ni cha mabaharia mtakaowabembeleza.

Kisha dalali mmoja wa pale mjini akanionyesha mashua ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Nyembamba, omo yake ya mbele imechongoka kama mdomo wa samaki chuchunge, imepakwa sifa, yale mafuta ya samaki, inang'aa kutoka mbele mpaka nyuma. Ilikuwa maji yamejaa. Tukatweka tanga, tukazunguka nayo bandari. Haikwenda, iliteleza. Wale wenzangu wa kwenye tishari walisimama na marobota mabegani wakanitazama, na mimi nikajiona nimeshafika Lamu na kurudi.

"Bwana mkubwa," dalali akaniambia, "hii ukiifunga kamba usiku, asubuhi unaikuta imeikata inataka kwenda."

Nilikuwa niko tayari kushika mkono wake. Mke wangu alikuwa pwani anatutazama. Nilipomfuata akaniuliza, "Umeipenda?"

"Nimeipenda."

"Kama ni nyumba, basi tupike. Mwambie dalali kesho mchana nataka kupika humo."

Dalali akacheka, akakubali. Alidhani mwanamke naye ameshalewa uzuri wa chombo.

Kesho yake mke wangu akapanda na seredani yake, mkaa, sufuria, mchele, na tui la nazi alilokuwa ameshalikamua nyumbani. Akajibanza nyuma pale, akapika. Dalali akajilaza upande wa pili, kofia juu ya macho. Mimi nilikaa katikati nikiinusa harufu ya wali na harufu ya sifa, nikasema moyoni, basi haya ndiyo maisha. Maji yakaanza kupwa.

Sasa msomaji asiye wa pwani anielewe. Kwetu madalali huonyesha chombo maji yakijaa. Wanunuzi nao huja maji yakijaa, maana ndipo chombo kinapopendeza. Watu wazima, waliozaliwa na bahari mlangoni, hununua chombo kama kwamba maji hayapwi. Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka siku ile.

Mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, ukagusa matope. Mashua ikaguna. Halafu, polepole, kama mzee anayetafuta ubavu wa kulalia, ikaanza kuinama. Ilikuwa na tumbo kali la kukata maji, na kitu chenye tumbo kali hakikai, hulala. Seredani ikasogea. Mke wangu akaishika sufuria kwa kanga, seredani ikapinduka, makaa yakamwagika, sufuria nayo ikamponyoka, wali wa nazi ukatiririka kwenye mbao zilizopakwa sifa, na dalali naye akatiririka nyuma ya wali mpaka akagonga ubavu wa chombo na kofia yake ikiwa imebaki juu.

"Ah!" akasema, huku anajishika kiuno. "Hayo ni maji kupwa tu, bibi!"

Mke wangu alikuwa ameshika mlingoti kwa mikono miwili. "Na kwenu hapa maji hupwa mara ngapi?"

"Mara mbili kwa siku, kama kwengine."

"Basi mara mbili kwa siku niwe najibandika ukutani kama mjusi."

Niliona anavyonitazama. Hakusema, usiinunue. Alisema tu, "Bwana, wali wako ule pale. Ukimbilie, wewe na mashua yako mbio ndiyo kazi yenu."

Tukarudi Chumbageni tukinuka moshi na sifa. Mji wa Tanga ni mdogo kwa habari. Tulipofika, shangazi alikuwa barazani na majirani wawili.

"Karibuni. Nasikia nyumba yenu imemwaga wali."

Majirani wakacheka hata wakajifuta machozi. Nikapita nikaingia chumbani kwangu, chumba cha dirisha la uani, nikakaa kitandani. Mtu mwingine angeacha pale. Mimi kicheko hunifanya kama chumvi inavyofanya kidonda, huuma lakini hukausha. Nikasema: sasa najua ninachotafuta. Sitafuti chombo cha kukimbia. Natafuta chombo kinachokaa kitako.

Tangu siku hiyo nikawa naenda kutazama vyombo maji yakiwa yamekupwa. Madalali walinichukia. Vyombo vingi, maji yakitoka, ni kama watu wakivuliwa nguo.

Niliipata kwetu Kigombe, na aibu ni kwamba nilikuwa nimeipita mara nyingi tangu utoto. Ilikuwa mashua ya mzee mmoja mchukuzi wa chumvi. Fupi, pana, nyeusi kwa ukuukuu, imekaa mchangani wima bila nguzo, kama bibi aliyekaa mkekani na miguu mbele. Nilifika na mke wangu, mwenyewe yuko ndani anakula muhogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kununua au kucheka?"

"Tumekuja kuona."

"Kuona bure. Haifai. Nzito, haiendi, ikipigwa upepo wa mbele inarudi nyuma kama punda. Nendeni."

Mtu anayekitukana chombo chake namna ile, ujue anakipenda. Watoto wake walikuwa wote mashambani kwenye mkonge, hakuna aliyeitaka bahari, na yeye magoti yalikuwa yamekataa. Alitaka kuiuza, na hakutaka.

Nikavua kanzu. Nikaingia chini ngamani, pale maji ya ndani yanapojikusanya, nikachovya kidole nikaonja. Mke wangu akakunja uso. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Yakiwa ya chumvi, hayo yametoka baharini, au kwa mzigo wenyewe, si kitu. Yakiwa matamu, ni ya mvua, na maji ya mvua ndiyo adui. Maji matamu yanaozesha mbao, ya chumvi yanazihifadhi kama samaki ng'onda. Haya yalikuwa makali hata yakanikausha ulimi. Nikachukua kisu nikachoma mbao chini ya sitaha, pembeni mwa mataruma, zile mbavu za chombo, kwenye maungio, kila mahali penye giza ambapo uozo hupenda kukaa. Kisu kiligoma. Miaka yote ile ya kubeba chumvi ilikuwa imeziivisha zile mbao.

Lakini hakuna kitu cha bure. Chumvi inayoponya mbao inakula chuma. Niligusa kichwa cha msumari kwa ukucha, kikabomoka.

"Misumari imekonda, mzee."

"Na mimi nimekonda. Nani hakukonda?"

"Nataka kuijaza maji."

Hii ni njia ya mafundi wetu. Chombo kikiwa nchi kavu, badala ya kukitia majini uone yanaingia wapi, unatia maji ndani uone yanatokea wapi. Chombo kipya hufanyiwa hivyo. Kikuukuu mwenyewe hukataa, maana ni kama kumvua nguo mtu mzima. Dalali wa mjini, nilipomtajia jambo hilo mwanzo, alinijibu, "Umeona wapi mtu anatia maji chomboni? Sisi tunayatoa!" Yule mzee alimeza muhogo wake, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Jaza. Ukitaka jaza uji."

Maji ya baharini yalikuwa mbali, yamekupwa. Dada zangu wa pale Kigombe wakaja na madebe, na jirani zao, kwa kuwa neno lilishaenea kwamba kuna mwehu kutoka Tanga anayemwagilia mashua. Walipanda na kushuka mchanga wakitania. "Wifi," mmoja alimwambia mke wangu, "mumeo anadhani itaota?" "Ikiota," mke wangu akajibu, debe kichwani, "utakuja kuazima kivuli." Tukatia mpaka usawa ambao bahari hufika kwa nje, si zaidi, maana maji ni mazito na yangeupasua ubavu. Kisha tukakaa chini tukatazama.

Kwanza hakikutoka kitu. Halafu doa moja. Halafu machozi mekundu ya kutu yakaanza kushuka ubavuni, moja moja, kila mahali palipokuwa na msumari. Nikatoa kipande cha mkaa niweke alama. Yule mzee akaninyang'anya. Akaanza kutembea na goti lake bovu, anaweka alama mahali ambapo maji hayajatoka. "Hapa. Na hapa. Hapa nilipigwa na gati ya Pangani. Hapa fundi alikuwa mlevi." Na kweli, kila alipoweka alama, baada ya muda doa lilifika. Wale wanawake wakaacha utani. Alipomaliza kuizunguka akanirudishia mkaa.

"Mbao ni zangu," akasema. "Misumari utatia yako. Iache ipumzike ikichoka. Usiikimbize."

"Sina haraka nayo, mzee. Nataka kuishi humo."

Akamtazama mke wangu, akatazama mashua. "Kuishi?" Akatafuna kidogo. "Basi umepata. Hii haijawahi kunimwagia hata chai."

Tukapatana pale pale mchangani. Kuna watu waliniambia nimenunua tembo kipofu. Walisema Lamu nitafika watu wameshasahau nilichobeba. Nilijibu, wanaotangulia watangulie, mimi nikifika nitakuwa niko nyumbani tayari, wao watakuwa wanatafuta pa kulala.

Nikaacha tishari. Mimi na binamu yangu na fundi mmoja wa Kigombe tukaing'oa misumari kwa sehemu, hapa tukitoa tukitia, ili chombo kisisahau umbo lake. Tukaikalafati upya, pamba na mafuta ndani ya kila mshono, tukaipaka deheni ya mafuta na chokaa chini. Vidole vyangu vilipasuka hata nikawa nakula kwa kijiko kama Mzungu. Mke wangu alikuwa akija na kurudi Chumbageni, kwa lori la nazi, na kila akija alileta salamu ya shangazi: "Anauliza kama mlango umeota."

Mlango. Fundi alitaka kuniwekea pazia la gunia kwenye kile kibanda cha nyuma tulichokijenga. Nikasema hapana. Nyumba ya marehemu mama yangu pale Kigombe ilikuwa imeanguka, udongo umerudi kuwa udongo, lakini mlango wa chumba chake ulikuwa bado umesimama na mwimo wake, peke yake, kuku wanapita chini. Mlango wa mti wa mfenesi, hauna nakshi wala nini. Niliung'oa na mwimo na kizingiti. Fundi akashika kichwa.

"Ndugu yangu, mlango na kizingiti chomboni? Watu watajikwaa wafe."

"Wajikwae. Mtu asiyejikwaa nyumbani kwa mtu hajafika."

Tukaukata ukaingia. Kizingiti kikawa kimeinuka kiasi cha kiganja, kikatusaidia hata kuzuia maji ya mvua yasiingie ndani, jambo ambalo fundi alilisema baadaye kwa watu kana kwamba ndiye aliyelifikiri. Na choo: vyombo vyote vina kile kisanduku cha kuning'inia nyuma, wazi, mtu anakaa bahari nzima inamwona. Changu nilikizungushia makuti yaliyosukwa, nikatia kijilango na komeo ndani. Mabaharia waliokiona walicheka. Wake zao walipokiona hawakucheka.

Ilipokuwa tayari tuliipeleka Tanga. Nilingoja maji yajae, nikaiingiza mpaka karibu na mikoko upande ule wa chini ya Chumbageni, nikatia nanga nikangoja yatoke. Yakatoka. Ikakaa kitako, wima, kwenye matope. Mke wangu akapanda na seredani akaanza kupika. Mimi nikaenda kumwita shangazi.

Alikuwa barazani.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukualika nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Twende uone."

Nilijua angeweza kukataa. Angekataa, ningeiuza ile mashua, kwa kuwa mke wangu alikuwa ameshasema neno lake na mimi simvuti mke kwa mkono. Shangazi aliuweka ukili chini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiuweka chini kabla ya adhana. Akavaa buibui lake, tukashuka.

Pwani aliinua buibui, akavua viatu, akaingia matopeni bila kunipa mkono. Aliizunguka mashua. Akapiga ubavu kwa kiganja, mbele, kati, nyuma. Akakitazama kile choo cha makuti kwa muda mrefu sana, akasukuma kijilango, akakifunga tena. Akainama chini kutazama ilivyokaa. Halafu akasimama mbali kidogo, mikono imeshika kiuno. Ndani sufuria ilikuwa ikichemka, harufu ya tui ilishuka mpaka tulipo, na sufuria haikusogea.

Maji yakaanza kurudi. Yakamfika kwenye nyayo. Kuna wakati wa kusema na kuna wakati wa kuacha bahari iseme. Yakamfika kwenye vifundo. Angeweza kugeuka akaenda zake, na asingekuwa amesema lolote, na sharti lingekuwa limebaki palepale.

Akaivuta ngazi ya kamba, akapanda. Mama mtu mzima, mnene, alipanda ile ngazi akiguna kila hatua, nikageuza uso kwa adabu. Akafika juu. Mbele yake kulikuwa na mlango wa mama yangu, umefungwa. Hapo angeweza kusukuma tu akaingia. Angeweza kuita, "Wewe mtoto!" kama alivyomwita maisha yake yote.

Akashusha buibui. Akajisawazisha mtandio.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

Ndani kimya. Mke wangu nilimjua, alikuwa na masikio ya paka. Alikuwa amesikia.

"Hodi humu ndani!" shangazi akasema kwa nguvu. "Hakuna watu? Au wenyewe wamekwenda Lamu wameniachia moshi?"

"Karibu, mama," mke wangu akajibu kutoka ndani, na nilisikia sauti yake imepasuka katikati. "Karibu ndani. Futa miguu."

"Kufuta miguu!" shangazi akanigeukia. "Umemsikia? Amepata mlango leo, ameshanifundisha kufuta miguu." Lakini akaifuta, kwenye gunia nililoliweka pale. Akakitazama kizingiti. "Na kizingiti chenyewe kifupi."

"Kinatosha, mama."

Akakivuka kwa mguu wa kulia, akitaja jina la Mungu, kama mtu anavyoingia nyumba ya watu.

Tulikula mle ndani watu watatu, magoti yamegusana. Maji yakajaa, mashua ikanyanyuka kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi, na shangazi akashika sinia kwa mikono miwili akangoja wali uondoke. Haukuondoka. Akaliachia sinia.

"Na kitovu?" akauliza, hamtazami mtu.

"Kitazikwa uani kwako, shangazi," mke wangu akasema. "Tutakuletea."

Aliendelea kula. Baadaye, tulipokuwa tunamshusha na mtumbwi kumrudisha nchi kavu, aligeuka akaitazama ile mashua nyeusi, pana, isiyo na mwendo wala sura, na moshi ukitoka nyuma.

"Mkifika huko muendako," akaniambia, "mtu akibisha bila hodi, usimfungulie."